Sitasema "Huyu Ni Wetu"

Wiki jana mdogo wangu alinipigia simu saa nne usiku. Mimi niko Nakuru mjini, yeye yuko nyumbani Olenguruone, na kama umewahi kuishi huko juu unajua mvua ikianza mtandao unapotea kama mtu mwenye deni. Kwa hivyo akipiga usiku na kunanyesha, kuna jambo. Ameitwa chuo kikuu, anaingia Septemba. Nilidhani ataanza na karo, ama hosteli, ama aniulize kama baridi ya huko inashinda ya kwetu. Akasema tu:

"Siz, si unipigie wale wasichana wa grupu yenu. Waambie nakuja. Waambie mimi ni mdogo wako, watanichukua."

Nikanyamaza. Akadhani simu imekatika, akaita "halo, halo" mara tatu. Nikamwambia nitafikiria. Akashangaa. Kufikiria nini sasa?

Acheni niwaambie kufikiria nini.

Chuo nilichosoma, kabla sijaacha, kilikuwa na kikundi cha wasichana. Hakikuwa chama rasmi, hakikuwa na cheti wala ofisi. Kila mwaka kilichukua wasichana watano wa mwaka wa kwanza. Ukiingia umeomoka: unakaa nao nyumba poa nje ya geti kwa kodi ya kugawana, unarithi noti za waliokutangulia, na zaidi ya yote unapata simu. Wakati wa kutafuta atachimenti ukifika, kuna dada fulani aliyemaliza, yuko kwa ofisi fulani, anapigiwa. Hivyo tu. Wenzako wanazunguka mjini na bahasha ya kaki mpaka soli inaisha, wewe umepigiwa simu.

Tulikuwa kama thelathini tuliotaka hizo nafasi tano. Intavyuu ilifanyiwa sebuleni, tukiingia mmoja mmoja. Swali la kwanza halikuwa "unaitwa nani" wala "unasomea nini." Lilikuwa, "Umetumwa na nani?" Nikataja binamu yangu, ambaye alikuwa mweka hazina wao miaka mitatu kabla. Wote wakachangamka. "Aaah, kumbe huyu ni wetu!" Nikamiminiwa chai. Dakika saba, nimemaliza, na hakuna aliyeuliza chochote kunihusu. Wakaniambia nikae hapo hapo kwa sofa niwasaidie kuona wengine.

Aliyefuata alikuja na daftari lililofunikwa kwa gazeti, vile tulivyokuwa tukifunika vitabu shule ya msingi. Akaeleza vile alivyokuwa akishika pesa za vijana wa kanisa lao, kila shilingi imeandikwa. Akasema angependa kusaidia kikundi kiweke akiba kidogo kidogo, badala ya kuchangishana kila mtu akipata shida. Alikuwa na mpango. Mimi sikuwa na mpango, nilikuwa na binamu. Wakamuuliza ametumwa na nani. Akatabasamu, akasema, "Nimejituma."

Manze, hilo lilikuwa jibu bora la siku hiyo yote. Wakamwambia watampigia.

Alipotoka, mmoja akasema, "Yuko sawa, lakini hatumjui." Wakanitazama, kwa sababu sasa nilikuwa mmoja wao. Neno moja lingetosha. Nikanywa chai.

Wazee husema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilikuwepo, na niliona la mwenzangu likikosa kuwepo.

Mtacheka, lakini nilianza kuelewa nilichofanya siku hiyo kupitia TikTok. Kama mko huko mnaijua Bama Rush. Tangu 2021, kila Agosti, simu zetu zinajaa wasichana wa University of Alabama, Marekani, wakituonyesha nguo za siku: gauni la duka hili, viatu vya duka lile, bangili ya nyanya. Wanajaribu kuingia sororiti, yaani vyama vya udada vya wasichana wa chuo. Vina majina ya herufi za Kigiriki, nyumba kubwa kama hoteli, na wanachama wa zamani walioshika kazi kila mahali. Wanaojaribu ni zaidi ya 2,000 kila mwaka. Mimi nilikuwa naangalia nguo tu. Halafu siku moja nikaanza kusoma kile ambacho zile klipu hazionyeshi, nikajiona kwa ile sofa na kikombe mkononi.

Kwa miaka mingi kulikuwa na funguo mbili. Ya kwanza ni damu. Kama mama yako, nyanya yako ama dada yako alikuwa mwanachama, unahesabiwa mrithi, na vyama vingi vilikuwa na kanuni za kukutanguliza. Ya pili ni barua. Mwanachama wa zamani anakuandikia pendekezo, na kuna familia zinazoanza kutafuta hizo barua miezi kadhaa kabla binti hajafika chuoni.

Sasa piga hesabu. Mwaka wa 1963, gavana wa Alabama, George Wallace, alienda mwenyewe akasimama mlangoni pa chuo hicho kuwazuia wanafunzi wawili weusi, Vivian Malone na James Hood, wasiingie. Kama hata kuandikishwa darasani kulihitaji serikali kuu iingilie kati, nyanya ya msichana mweusi angekuwa mwanachama wa chama cha wasichana wazungu lini? Na huyo wa kumwandikia barua angetoka wapi? Huhitaji kubandika ukutani kwamba weusi hawatakiwi. Unaandika "warithi kwanza" na "leta barua," mengine yanajipanga yenyewe.

Na yalijipanga hivyo. Septemba 2013 gazeti la wanafunzi wa chuo hicho, The Crimson White, lilianika mambo. Msichana mweusi alikuwa amejaribu kuingia mwaka huo. Alama zake za shule zilikuwa juu, alimaliza akiwa wa pili katika darasa lake, na familia yake ilikuwa na uhusiano na chuo chenyewe. Mwanachama mmoja wa Alpha Gamma Delta alisimama akasema, kwa jina lake, kwamba wasichana wa chama chake walimtaka, lakini wanachama wa zamani wakazuia. Na walitoa sababu gani? Masharti ya barua ya pendekezo hayakutimizwa.

Wanafunzi na wahadhiri waliandamana. Rais wa chuo, Judy Bonner, aliamuru vyama vifungue tena usajili, na ndani ya siku chache wasichana weusi wakaanza kupewa nafasi. Lakini hebu ona: miaka 50 baada ya Wallace, hakuna gavana aliyehitajika mlangoni. Karatasi ilitosha.

Tangu 2020 baadhi ya vyama vikubwa huko vimefuta kanuni za kuwatanguliza warithi, na vingine vikaacha kudai barua. Vizuri. Lakini kanuni ikifutwa kwa karatasi, bado kuna kile chumba, bado kuna ile sofa, bado kuna mtu anasema "hatumjui." Kwetu hata hakukuwa na kanuni ya kufuta. Ndiyo maana huwa namfikiria yule mwanachama aliyeongea kuliko ninavyofikiria sheria. Alikuwa ndani tayari. Hakuwa na cha kupata kwa kuongea. Akaongea. Mimi nilikuwa ndani kwa dakika saba tu na tayari nilikuwa naogopa kutolewa.

Najua mtaniambia hayo ni ya wazungu. Sawa, turudi nyumbani. Mara ngapi umesikia kazi imetangazwa na jina la atakayeipata linajulikana kabla tangazo halijakauka wino? Mara ngapi umeambiwa "tafuta barua ya mheshimiwa"? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 232, inataja ushindani wa haki na ustahili kama msingi wa kuajiri na kupandisha watu vyeo katika utumishi wa umma. Sheria ya mwaka wa 2008 ya utangamano wa kitaifa inasema taasisi ya umma isijaze zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Sheria ziko. Lakini watu hawajifunzi upendeleo wakishapata ofisi kubwa. Wanajifunzia mahali kama ile sebule, wakiwa na miaka 19, wakimiminiwa chai.

Sasa msidhani nataka tuchome barua zote. Hapana. Kuna pendekezo ninaloliheshimu sana, na nimelelewa nalo.

Mathe yuko kwa chama huko nyumbani. Wanakutana Alhamisi, wanachanga, wanakopeshana. Huwezi kuingia kwa hicho chama ukitokea tu. Lazima mwanachama akulete. Hilo ni pendekezo, sawa na la Alabama. Lakini kuna sharti moja linalobadilisha kila kitu: ukikopa ukatoroka, aliyekuleta analipa. Nikiwa darasa la saba, kuna mama mmoja ambaye mathe alimleta kwa sababu walikuwa wa ukoo mmoja. Huyo mama akakopa, akahama. Mathe aliuza ndama. Tangu siku hiyo hajawahi kumleta mtu eti ni wa ukoo. Analeta aliyemwona akilima, akiuza viazi, akilipa deni la duka bila kufuatwa.

Sacco ni vile vile. Ukimdhamini mtu na asilipe, unakatwa wewe. Kwa hivyo kabla hujaweka sahihi unajiuliza: huyu nimemwona akifanya nini?

Ama chukua hii ya zamani. Mwaka wa 1959 ile ndege ya kwanza ya Tom Mboya ilipeleka wanafunzi 81 Marekani. Barack Obama Senior hakuwa kwa hiyo orodha. Lakini Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyekuwa Nairobi kwa mradi wa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika, alikuwa amemwajiri ofisini kwake. Alimwona akifanya kazi kila siku. Akamsaidia kutafuta chuo, na akatoa pesa zake. Mwaka huo huo Obama akaenda University of Hawaii. Huyo hakuwa shangazi yake, na hawakutoka kijiji kimoja. Alisema alichokiona, na akaweka mfuko wake nyuma ya maneno yake.

Hapo ndipo mimi nachora laini. Pendekezo la kweli lina vitu viwili: nimeona, na niko tayari kulipia. "Ni mtoto wa fulani" haina hata kimoja. Haisemi umeona nini, na mambo yakiharibika hakuna anayeuza ndama. Anayelipa ni yule aliyeachwa nje, na yeye hata hajui analipia nini. Bado anangoja simu.

Halafu kuna sababu ya kwetu Olenguruone, na hii naisema polepole. Hapa kwetu swali la "wewe ni wa nani" si la mchezo. Miaka ya 1940 serikali ya mkoloni iliweka familia za Wakikuyu hapa, halafu ikawataka wakubali masharti yake ya makazi. Wengi wakakataa. Kufikia 1950 walikuwa wamefurushwa, nyumba zao na mashamba yao yamekwisha. Baadaye, 1992 na tena 2008, watu wa pande hizi za Molo na Kuresoi walichomewa nyumba kwa sababu ya jina la baba na lugha ya mama. Sisi tuliozaliwa baadaye tumekua tukisikia hizo hadithi nusu nusu, wakubwa wakinyamaza tukiingia jikoni.

Sisemi kwamba sebule ya wasichana watano ni sawa na hayo. Si sawa, na ningekuwa mjinga kulinganisha. Nasema mtoto wa Olenguruone hapaswi kusikia "hatumjui" na kuona ni neno dogo. Sisi tunajua linaweza kukua likafika wapi.

Nilimwambia mathe haya yote Jumapili. Alinisikiliza akimenya viazi, halafu akanipa jibu ambalo limenisumbua kuliko yote.

"Wewe mtoto, watoto wa wakubwa wanaandika insha kama hizo? Wao wanapiga simu. Sisi tumepata ka-mlango kamoja maisha yetu yote, na wewe unataka kukafunga kwa sababu ya roho safi. Mdogo wako atakula roho safi?"

Na ana pointi. Mimi mwenyewe nimekula hapo. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imeshinda nyumbani, ni dada mmoja wa hicho kikundi aliyenipigia nikapige video ya harusi ya rafiki yake. Hiyo pesa ndiyo ilinunua simu ninayotumia kufanya kazi hii mnayoifuata. Kwa hivyo siandiki nikiwa juu ya mlima. Naandika nikiwa na makombo ya hiyo keki mdomoni.

Lakini nimefikiria jibu lake siku sita, na hiki ndicho nimepata. Mathe anaona kama tukiacha ka-mlango ketu tutawaachia watoto wa wakubwa. Si kweli. Watoto wa wakubwa hawakuwa kwa ile foleni ya watu thelathini. Hawahitaji kikundi cha kugawana kodi, nyumba wanalipiwa. Nafasi niliyopata mimi haikutoka kwa mtoto wa waziri. Ilitoka kwa msichana wa daftari, ambaye nauli ya kuja intavyuu labda aliikopa. Koneksheni ndogo kama yetu haipandi juu kunyang'anya wenye nacho. Inashuka chini, inamnyang'anya aliye na kidogo kuliko sisi. Ndiyo siri yake mbaya. Tunajiambia tunapambana na mfumo, kumbe tunapambana na jirani.

Kwa hivyo mdogo wangu, najua utasoma hapa kwa sababu unasoma kila kitu ninachoandika halafu unajifanya hujaona, jibu langu ndilo hili.

Sitapiga simu kusema "huyu ni wetu." Nitaandika barua, na nitaweka jina langu. Nitasema nimekuona miaka minne ukiamka kukama ng'ombe saa kumi na moja bila kuitwa, na bado unafika shule kabla ya kengele. Nitasema ulimfundisha mtoto wa jirani hesabu likizo nzima na hukutaka malipo, ukachukua kabeji tu. Nitasema pia una hasira za haraka na vyombo unaviosha ukisukumwa, kwa sababu barua isiyo na kasoro hata moja ni tangazo la biashara. Mwisho nitaandika kwamba ukishindwa kulipa kodi yako, wanidai mimi. Huo ndio udhamini wangu. Sina ndama, lakini nina kamera.

Na kwa barua hiyo hiyo nitawaomba wale wasichana kitu. Waweke swali la "umetumwa na nani" mwisho, baada ya mtu kueleza amefanya nini. Na kati ya zile nafasi tano, angalau mbili ziwe za wasichana waliojituma, wasiojuana na yeyote pale ndani. Wakinijibu kwamba nimeanza kujiona kwa sababu nina wafuasi, sawa. Nitakuwa nimesema nilichopaswa kusema nikiwa kwa sofa.

Wakikuchukua, utakuwa umeingia kwa miguu yako. Wakikukataa kwa sababu sikusema neno la kawaida, utanikasirikia, na utakuwa na haki ya kunikasirikia. Hiyo nitaibeba.

Na ukiingia, siku moja utawekwa kwa ile sofa. Utapewa chai. Ataingia msichana asiyejulikana na mtu, mwenye daftari ama faili ama mikono mitupu, na akitoka watu watakutazama. Yule wangu hata jina lake sikulishika. Daftari lake ndilo nalikumbuka. Usiwe kama mimi. Weka kikombe chini, uongee.

Nimemtumia rasimu ya hiyo barua jana jioni. Alikaa masaa mawili bila kujibu, alama mbili za buluu zikiwa zimewaka. Halafu ikaja sentensi moja tu:

"Hiyo ya vyombo toa."

Siitoi.